Mgeni na Sinia la Ugenini: Mafunzo Kutoka Safari ya Ibn Battuta Kilwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika mwambao wetu wa Kilwa na Lindi hufika ndugu Waislamu kutoka nchi za mbali, wengine kwa da'awa, wengine kwa biashara na kazi. Mara nyingi jambo la kwanza kuleta maneno baina yao na wenyeji si itikadi wala sala, bali ni sinia. Mwenyeji huandaa wali na pweza wa nazi. Mgeni anayefuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa hamgusi pweza. Mwenyeji akaona amedharauliwa. Na wapo vijana wetu waliosoma Uarabuni ambao hurudi wakikidharau chakula cha mama zao. Tumeona vyema tulipime jambo hili kwa historia na fiqhi.

Ibn Battuta alitoka kwao Tanja, Morocco, mwaka 725 Hijria (1325), akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alifika pwani yetu: Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Alikuwa Maliki kutoka nchi ya mikate ya ngano na zeituni, akaingia kwa Mashafii wanaokula wali, ndizi na samaki.

Mogadishu alipokewa kwa tambuu, popoo na mawardi, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi. Aliletewa wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Alitaja hata namna ya kula: tonge la wali, kisha achari kidogo. Siku ya nne akapewa nguo, miongoni mwao kikoi cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, kwani suruali hawakuijua. Mombasa alikuta chakula kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kutoka sehemu nyingine za pwani. Hakuwakebehi kwa hayo, bali aliwasifu kwa dini na uadilifu wao.

Kilwa ilitawaliwa na Sultani Abul-Mudhaffar Hasan. Ibn Battuta aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri, akakuta huko masharifu wa Hijazi waliokuja kwa sultani. Kuhusu sultani mwenyewe, aliandika kuwa alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Hili ndilo la kuzingatia. Mgeni na fakiri hawakutengewa chakula chao pembeni.

Lakini msafiri huyu naye ni mwanadamu. Alipofika Mali, yapata miaka 20 baadaye, alikula uji mzito wa mizizi fulani pamoja na wenzake. Wote sita waliugua na mmoja akafariki. Kisha Sultani Mansa Sulayman alipompelekea zawadi ya ugeni, ikawa mikate mitatu, kipande cha nyama na maziwa mgando, akacheka kwa kuidharau. Hapo adabu yake ilipungua, na tunamwombea msamaha.

Mizani ya jambo hili tunaipata kwa Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba hakupata kukitia aibu chakula. Akikitamani hukila, asipokitaka hukiacha. Imepokewa pia kwamba katika nyumba ya Bibi Maimuna (r.a.) aliletewa mjusi wa jangwani aitwaye dhabb, akazuia mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa sivyo, ila hakuwepo katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akamla mbele yake, naye asimkataze.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgeni na mwenyeji watofautishe mambo manne. La kwanza ni haramu iliyo wazi, kama nguruwe na pombe; hiyo huachwa popote. La pili ni madhara, kwani mwenye kuchelea ugonjwa ana udhuru. La tatu ni khilafu ya madhehebu: pweza kwa Shafii na Malik ni halali, na kwa Hanafi hawali katika viumbe vya bahari ila samaki. Basi Mhanafi akimwacha asilaumiwe, naye asimkataze mwenyeji wake. La nne ni mazoea ya ulimi. Hili si hukumu ya sheria, na ni kosa kulivika joho la dini.

Mwenyeji naye amuulize mgeni kabla ya kupika. Mgeni akishindwa, ashukuru na kula kile anachokiweza, wala asiseme neno la kuvunja moyo. Nao maimamu wetu wasikimbilie kufutu katika magomvi ya sinia kabla ya kuuliza: je, hili ni haramu, madhara, khilafu au mazoea tu?

Wallahu aalam.