Anga ya Mombasa: Kutoka Ndege za Baharini hadi Droni za Uokoaji

Mwaka 1937 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways iliiweka Mombasa kwenye njia ya ndege zake za baharini, zilizotoka Southampton hadi Durban kupitia Kisumu na Dar es Salaam. Ndege ya kutua majini ilihitaji eneo lisilo na ngalawa wala jahazi, kwa hiyo usalama wake uliwategemea watu wa bandari sawa na ulivyomtegemea rubani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini waliupanua uwanja wa Port Reitz, bara, magharibi mwa kisiwa. Uwanja huo ulipewa hadhi ya kimataifa mwaka 1979, na leo unaitwa Moi.

Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili ya kurushwa begani yaliikosa ndege ya abiria ya Arkia iliyokuwa imetoka tu kuruka hapo. Anga ya Mombasa ikawa suala la usalama wa taifa, na droni zilipofika madukani serikali iliziangalia kwa jicho hilohilo. Kanuni za kwanza za mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata. Zilizosimama ni za mwaka 2020: droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, isipande zaidi ya futi 400, na isirushwe bila idhini ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa. Umbali huo kutoka uwanja wa Moi unameza sehemu kubwa ya kisiwa.

Katazo hilo lina sababu. Mwongoza ndege aliye mnarani huiona ndege ya abiria kwa sababu imebeba kifaa kinachojibu rada. Droni ndogo kwa kawaida haina. Helikopta ya uokoaji nayo huruka chini, katika kimo kilekile cha droni. Dawa yake inajulikana: eneo la maafa hufungwa kwa muda, marubani wakapewa ilani, kila chombo kikapangiwa kimo na saa, na droni ikaipisha ndege yenye watu. Malawi, ikishirikiana na UNICEF, ilitenga anga ya majaribio ya aina hiyo Kasungu mwaka 2017.

Mombasa ina haja kubwa ya mpango huo. Magari huingia kisiwani kwa njia chache: Makupa, Daraja la Nyali na feri ya Likoni. Katika Mji wa Kale, vichochoro vingi vya Kibokoni na vya pembeni mwa Ndia Kuu havipitishi gari la zimamoto. Moto ukizuka huko, picha ya kutoka juu huonyesha paa lipi linawaka na uchochoro upi uko wazi, kabla ya mtu kuingia kwenye moshi.

Kituo cha kuratibu uokoaji baharini kipo Mombasa tangu mwaka 2006, na mnara wa Moi una wataalamu. Idara ya zimamoto ya kaunti, mnara na jeshi la majini la Mtongwe wanapaswa kukubaliana kabla ya maafa nani anatoa idhini na kwa simu ipi, kwa kuwa idhini inayoanza kutafutwa moto ukiwa umeshawaka haiokoi nyumba.