Krismasi ya Wachaga

Krismasi ya Wachaga ni desturi ya familia zenye asili ya mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, kurejea nyumbani kila Desemba. Sikukuu hiyo ilikita mizizi baada ya wamisionari Wakatoliki na Walutheri kuanzisha vituo mlimani miaka ya 1890.

Kiini chake ni kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ambamo mara nyingi wazee huzikwa. Baada ya ibada ya tarehe 25 Desemba, ukoo hukusanyika kwa mzee wake. Mbuzi huchinjwa, nyama hugawanywa kwa kufuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa kwa zamu. Mtori, supu ya ndizi na nyama, na kisusio, supu ya damu ya mbuzi, huandaliwa pia. Siku hizo hutumika vilevile kusuluhisha ugomvi, kupanga posa, kubatiza watoto na kujengea makaburi.

Uhaba wa ardhi na biashara vilipowasambaza Wachaga hadi Dar es Salaam na kwingineko, sikukuu ya kijijini ikageuka msimu wa safari. Nauli na foleni za mabasi ni mada za kila mwaka. Treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi ilirejeshwa Desemba 2019. Bia na soda sasa husimama kando ya mbege, na michango ya ukoo hukusanywa kwa simu. Baadhi ya vijana waliozaliwa mijini hawakijui Kichaga, hivyo mazungumzo huendeshwa kwa Kiswahili.