Kipakatalishi cha kukaa nyumbani kikiwa kwenye stima: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

FAMILIA nyingi nchini hununua kipakatalishi si kwa minajili ya kukibeba, bali kukiweka mezani nyumbani kikiwa kimeunganishwa kwa stima mchana kutwa. Mzazi hukitumia kujaza ritani ya kodi kwenye iTax kabla ya Juni 30, kifungua mimba hukitumia kutuma maombi ya mkopo wa HELB, nao wadogo hufanyia humo kazi waliyopewa na mwalimu.

Hata hivyo, wengi huingia dukani wakiuliza maswali ya msafiri: Je, ni chepesi? Betri yake hudumu saa ngapi? Maswali hayo yana maana kwa anayefanyia kazi ndani ya matatu au kwenye mkahawa. Kwa tarakilishi isiyotoka sebuleni, humfanya mnunuzi alipie asichokihitaji na kukosa anachokihitaji.

Aghalabu fedha hizo ni akiba ya miezi mingi au mkopo wa chama, na hakuna kifaa cha pili cha kukimbilia cha kwanza kikiharibika. Hivyo basi, ni muhimu kujua cha kutafuta.

Kwa nini si tarakilishi ya mezani?

Tarakilishi ya mezani ina sifa zake. Hupoa vyema, hurekebishwa kwa urahisi, na sehemu moja ikifa hubadilishwa bila kutupa kifaa kizima. Lakini stima ikipotea, nayo huzima papo hapo pamoja na kazi ambayo haikuwa imehifadhiwa, isipokuwa mwenyewe awe amenunua UPS.

Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu kote nchini, hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Visa vingine vya aina hiyo vilifuata mwezi wa Novemba na Desemba mwaka huo huo. Mbali na hayo, mitaa mingi hukumbwa na kukatika kwa stima kwa dakika chache tu, na dakika hizo zatosha kupoteza kazi ya saa tatu.

Kipakatalishi kina betri yake ndani, kwa hivyo ni kana kwamba kina UPS yake. Ndiyo sababu betri ni muhimu hata kwa asiyesafiri, ila si lazima iwe ya kudumu saa 12. Saa mbili au tatu zatosha kumaliza ulichoanza na kukihifadhi. Kumbuka pia kwamba ruta ya intaneti huzima stima inapokatika, hivyo anayetegemea mtandao atahitaji UPS ndogo ya ruta au data ya simu.

Faida nyingine ni tokeni. Kipakatalishi kinachotumia wati 30 kwa saa nane humaliza uniti 0.24. Tarakilishi ya mezani na skrini yake zikitumia wati 120 kwa muda huo, humaliza uniti 0.96, yaani mara nne zaidi.

Betri na adui zake wawili

Karibu vipakatalishi vyote vya leo hutumia betri ya lithiamu, teknolojia iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1991 na ambayo wavumbuzi wake watatu walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 2019. Betri hii huchakaa kwa namna mbili: kwa kujazwa na kutumika mara nyingi, na kwa umri. Inayokaa kwenye stima daima haisumbuliwi sana na namna ya kwanza, bali ya pili.

Adui zake wakuu ni joto na kukaa ikiwa imejaa pomoni. Betri iliyojaa asilimia 100 ina msukumo mkubwa wa umeme ndani yake, na kemikali zake huharibika upesi zaidi, hasa kwenye joto. Mitambo ya kisasa huacha kujaza betri inapojaa, kwa hivyo hofu kwamba italipuka kwa kupita kiasi haina msingi mkubwa. Tatizo ni kule kukaa imejaa kwa miezi na miaka.

Dawa yake ipo. Watengenezaji wengi, wakiwemo Lenovo, Asus, Dell na Acer, huweka katika miundo yao mingi programu inayoizuia betri kujaa kupita kiwango fulani, mara nyingi asilimia 80. Katika baadhi ya vipakatalishi vya HP, mpangilio huo hupatikana ndani ya BIOS. Muulize muuzaji akuonyeshe mpangilio huo kabla ya kulipa. Kwa kipakatalishi cha kukaa kwenye stima, hili ni swali kubwa kuliko la uzito.

Ukiona sehemu ya kugusa inayotumika badala ya kipanya imeinuka, au kifuniko cha chini kimetuna, huenda betri imevimba. Zima kifaa, kichomoe kwenye stima na ukipeleke kwa fundi. Usiitoboe wala kuibonyeza betri hiyo, kwani yaweza kushika moto.

Joto na chaja

Mtengenezaji anapokifanya kipakatalishi kiwe chembamba kama daftari, hupunguza nafasi ya hewa na ya feni. Kinapofanya kazi nzito, hupata joto, kisha prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Anayekiweka mezani hana haja ya wembamba huo. Achague chenye unene wa wastani na matundu makubwa ya hewa, hasa kama anaishi Mombasa, Lamu, Garissa au Kisumu ambako chumba chenyewe tayari kina joto.

Kiwekwe juu ya kitu kigumu, si kitandani wala kwenye kitambaa cha meza kinachoziba matundu ya chini. Vumbi nalo lipulizwe angaa mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa wanaoishi kando ya barabara ya vumbi.

Chaja pia ikaguliwe. Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa kwenye upande wa chaja unaotoa umeme, nawe utapata wati. Yenye volti 19.5 na ampea 3.33 hutoa takriban wati 65, na hiyo yatosha kwa kazi za kawaida. Kipakatalishi cha michezo au cha kuhariri video huhitaji zaidi sana. Chaja ikiwa dhaifu, betri itapungua hata kifaa kikiwa kwenye stima.

Stima yetu ni ya volti 240 na soketi zetu ni za pini tatu za mraba. Pini ya tatu ndiyo inayopeleka umeme uliopotoka ardhini. Ukihisi vidole vikiwashwa kidogo unapogusa kifuniko cha chuma, mara nyingi ni dalili kwamba njia hiyo haipo, ama kwa sababu ya adapta ya pini mbili au nyaya mbovu za nyumba. Nunua pia kifaa cha kukinga dhidi ya stima inayorudi kwa kishindo, kwa maana betri huokoa kazi yako lakini haiiokoi chaja.

Prosesa, kumbukumbu na hifadhi

Wauzaji hupenda kutaja i3, i5 na i7 kana kwamba tarakimu kubwa ndiyo bora daima. Jambo la kwanza kutazama ni kizazi. Prosesa ya Intel iliyoandikwa i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ilhali i3-1215U ni ya kizazi cha 12, na hii ya pili huishinda ile ya kwanza licha ya jina lake dogo. Tangu mwishoni mwa 2023, Intel imeanza pia kutumia majina mapya kama Core Ultra, kwa hivyo uliza ilitoka mwaka gani.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U huashiria prosesa inayotumia umeme kidogo, na H yenye nguvu zaidi na joto zaidi. Kwa kuandika, intaneti, mikutano ya video na hesabu za biashara, U yatosha.

Kwa kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini cha kukubali, na 16 ni bora kwa anayetaka kifaa kidumu miaka mingi. Uliza iwapo RAM yaweza kuongezwa baadaye, kwa kuwa katika vipakatalishi vingi vyembamba imelehemiwa na haiondoleki.

Kwa hifadhi, chagua SSD ya gigabaiti 256 au zaidi. Jihadhari na vifaa vya bei ya chini vyenye hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, na masasisho ya programu hukijaza upesi.

Skrini na kibodi

Hapa ndipo fedha zilizookolewa kwenye wembamba na uzito zinapofaa kutumiwa. Chagua skrini ya inchi 15.6 au zaidi, yenye nukta 1920 kwa 1080. Ile ya 1366 kwa 768 huchosha macho na huonyesha maandishi machache.

Kasoro ya kipakatalishi mezani ni kuwa skrini na kibodi vimeshikamana, hivyo mtumiaji huinamisha shingo kwa saa nyingi. Kiinue kwa vitabu au kibao hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha uunganishe kibodi na kipanya vya nje. Mwenye televisheni au monita anaweza kuiunganisha kwa waya wa HDMI.

Kwa sababu hiyo, hesabu matundu: moja la HDMI, angaa mawili ya USB ya kawaida, moja la USB-C na, ikiwezekana, la waya wa intaneti.

Kipya au kilichorembwa?

Katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, na katika miji mingine, vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo huuzwa kando ya vipya. Si vibaya kununua kilichotumika ukijua hivyo. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la kipya.

Kuna njia rahisi ya kubaini. Katika kifaa chenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotokea huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, na mara nyingi idadi ya mara ambazo imejazwa. Kifaa kipya hakiwezi kuwa na betri iliyopoteza theluthi moja ya uwezo wake.

Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 huhitaji mtambo wa usalama uitwao TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha nane au baadaye. Kifaa kisichofikia hapo kisinunuliwe kwa ajili ya Windows, hata kikiwa king'avu kama kioo. Aidha, vingine huuzwa vipya bila Windows, hivyo bei yake yapaswa kulinganishwa pamoja na gharama ya leseni.

Dai risiti ya eTIMS na waranti iliyoandikwa, na uulize itatekelezwa wapi: humu nchini au ng'ambo? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora ufaao, lakini ni vigumu kuidai haki hiyo bila karatasi.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Kabla ya kulipa, kiwashe kifaa hapo hapo dukani kikiwa kwenye stima kwa nusu saa, fungua video, sikiliza feni, gusa sehemu ya chini uhisi joto lake, kisha uchomoe chaja ghafla. Kikizima, mrudishie mwenyewe.