Alinichukulia Mbuzi

Shahidi akisimama mahakamani Arusha akasema, "Jirani alinichukulia mbuzi," maana ni mbili. Huenda jirani alimchukua mbuzi kwa niaba yake, huenda alimwibia. Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia akili unde kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri. Mashine haisiti: huchagua maana moja, ikaandika, ikaendelea.

Naupokea mfumo huu kwa mikono miwili. Hakimu anayenukuu ushahidi kwa mkono huku mashauri yakirundikana anastahili msaada. Ila Arusha imewahi kulitunza neno la mtu kwa njia mbili, na zote zina la kutufunza.

Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha 1963, aliyaeleza mabaraza ya Waarusha kwenye miteremko ya Meru: wadaawa walikuja na watu wa rika na ukoo wao, wasemaji wakajadiliana hadharani mpaka mapatano. Mwenye watu wachache aliweza kuelemewa, hilo tusilifiche. Lakini neno lilipotatanisha, mwenyewe alikuwepo pale, akaulizwa.

Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa jijini Arusha, haikuwa na wepesi huo. Majaji wake hawakukijua Kinyarwanda. Katika hukumu ya mshtakiwa Jean-Paul Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998, walieleza wazi ugumu wa kukivusha kwenda Kifaransa na Kiingereza. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, juu ya maneno kama Inyenzi (mende) na Ibyitso (washirika): yalibeba nini wakati ule, na katika muktadha upi. Neno mojamoja lilipimwa, kwa sababu Akayesu alikabiliwa na kifungo cha maisha, na ndicho alichopewa.

Barazani walimuuliza mwenye neno. Majaji walimuuliza mjuzi. Kwa mashine, tutamuuliza nani? Sauti ya shahidi ihifadhiwe, na mkalimani mwenye jina aitie saini tafsiri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inampa shahidi wa mahakama za chini haki ya kusomewa ushahidi wake, na haki hiyo sasa ina uzito zaidi kuliko zamani. Nakala ikitoka, karani aketi na mama aliyeshuka kutoka Akheri, amsomee taratibu, kwa Kimeru ikibidi: "Mama, umesema jirani alikuchukulia mbuzi. Ulimtuma?"