Miezi Sita ya Vidonge: Nani Alilipia Utafiti wa Kifua Kikuu?

Ndugu zetu, kila tarehe 9 Desemba tunapokutana hapa Uingereza kwa pilau na muziki, hotuba hazikosi kuwataja wale maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka huu sisi wauguzi wa jumuiya tumeombwa kuandika juu ya huyo wa maradhi. Tumechagua kifua kikuu, kwa sababu historia yake imefunga nyumbani na huku tunakoishi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, dawa zilikuwepo. Streptomisini ilijaribiwa hapa Uingereza kwa fedha za umma, kupitia Baraza la Utafiti wa Tiba, na matokeo yakatangazwa 1948. Shida ilikuwa muda. Matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Mkulima akiacha kukohoa na mwili ukirudi, anajiona mzima. Shamba linamngoja na nauli ya kliniki hana. Anaacha dawa, ugonjwa unarudi, na safari hii anawaambukiza watoto. Kila muuguzi aliyefanya kazi wodi ya kifua anamjua mgonjwa huyo.

Je, dozi ingeweza kufupishwa? Swali hilo halikuwa na faida kubwa kwa mfanyabiashara, maana waliolihitaji zaidi hawakuwa na fedha. Lililipiwa na serikali. Mwaka 1970 mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na Uingereza yalianza jaribio la miezi sita katika hospitali za kwetu na za majirani zetu. Upande wa Uingereza walikuwepo madaktari Wallace Fox na Denis Mitchison. Wagonjwa waliopewa streptomisini na aisoniazidi peke yake kwa miezi sita walirudiwa na ugonjwa karibu 29 kati ya 100. Walioongezewa rifampisini walirudiwa takriban 3 tu kati ya 100, sawasawa na waliotibiwa miezi 18. Ripoti ya kwanza ilitoka 1972. Wauguzi waliowachoma wagonjwa hao sindano kila siku hawatajwi popote katika hadithi hii inaposimuliwa, nasi tunawataja hapa japo bila majina.

Rifampisini ilikuwa ghali mno. Mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mshauri wake alikuwa Karel Styblo, daktari wa Czechoslovakia ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu katika kambi ya mateso ya Wanazi. Fedha za nje zilitoka kwa walipa kodi wa Uswisi na Uholanzi. Baadaye ikapatikana dozi ya miezi minane: rifampisini ilitolewa miezi miwili ya kwanza tu, mgonjwa akimeza mbele ya muuguzi, kisha zikafuata dawa za bei nafuu. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye daftari na makohozi yake kupimwa tena. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua utaratibu huo na kuupeleka nchi nyingine kwa jina la DOTS. Ulitoka wilayani kwetu, kwenye madaftari yale yenye kurasa zilizokunjamana.

Lakini mwaka 1986 kitengo cha Uingereza kilichoendesha majaribio yale kilifungwa, kana kwamba kazi imekwisha. Wakati huohuo UKIMWI ulikuwa umeingia Kagera. Kifua kikuu kikapanda, na thiasetazoni, ile dawa rahisi tuliyoitegemea, ikawa inawababua ngozi wenye virusi, wengine hata kufa. Mwaka 1993 kifua kikuu kikatangazwa kuwa dharura ya dunia. Dawa mpya ya aina tofauti, bedakwilini, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012, takriban miaka 40 baada ya jaribio lile. Vijidudu sugu havikusubiri. Kibong'oto, hospitali iliyoanza 1926 kule Kilimanjaro, ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu mwaka 2009.

Katika kliniki za huku, mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida naye hupewa miezi sita. Akilalamika kuwa ni mirefu, tunamweleza ilivyokuwa zamani, na ni wagonjwa wa wapi waliomfupishia.

Sasa fedha zinapungua tena. Mwaka 2021 Uingereza ilishusha misaada ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na 2025 ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Nyumbani nako, asilimia 15 ya bajeti kwa afya waliyoahidi viongozi wa Afrika kule Abuja mwaka 2001 bado tunaidai. Sisi tunakatwa kodi huku kila mwezi na kutuma fedha za dawa kule, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza pande zote mbili. Tumeandaa barua mbili, moja kwa wabunge wa huku na nyingine kwa wa nyumbani. Zitakuwa mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu, mpaka ukumbi ufungwe.