Jua Nalo Hupimwa

Mvua tunaipima kwa milimita. Haya, jua nalo hupimwaje?

Mwaka 1853 Mskoti John Francis Campbell aliweka tufe la kioo ndani ya bakuli la mbao, miale ya jua ikaunguza mbao. Mwaka 1879 Stokes akakirekebisha chombo hicho, kikawa kinaunguza kadi. Jua likiwaka kadi inaungua; wingu likipita, alama inakatika. Jioni unapima urefu wa alama, unapata saa za jua. Basi!

Lakini saa siyo nguvu. Mwaka 1924 Ångström wa Sweden akatoa kanuni ya kukisia nguvu ya jua kutokana na saa hizo. Namba za kanuni hiyo hurekebishwa kila mahali, na hapo ndipo milima ya Usambara inapotutatiza: Lushoto ukungu umelala, kumbe kule chini Mombo jua linachoma.

Siku hizi kompyuta hufundishwa kwa vipimo vya miaka mingi, ikakisia yenyewe. Ubaya wake, mara nyingi inatoa namba tupu, haisemi sababu. Namba ya namna hiyo mimi siianikii maharage. Ndiyo maana wataalamu wameibana ijieleze: nimepunguza jua kwa ajili ya mawingu, au unyevu, au mwezi wenyewe. Ikiwa imefundishwa kwa vipimo vya bondeni tu na ukungu wa Lushoto haiujui, maelezo yake yanaweza kuifichua kabla maharage hayajaota kuvu.