Daftari la Wapigao Wake

Zamani katika nchi ya Ubena, kama ilivyokuwa kwa makabila mengi ya Tanganyika, mahari haikupokewa kabla ya wazee kuulizana habari za posa. Kijana mwenye mazoea ya kupiga alijulikana kwa majirani, na habari zake zikawafikia wakwe. Daftari halikuwapo, kumbukumbu ya watu ndiyo iliyokuwa daftari.

Kumbukumbu hiyo ilitegemea watu kukaa pamoja. Reli ya Tazara ilipofunguliwa mwaka 1976, Makambako, penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, pakazidi kuwa mji wa wageni. Mwanamume aliyemwumiza mkewe Matembwe aliweza kuoa tena Makambako, wala mke wa pili asipate wa kumwuliza.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa imekwisha kutamka, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Lakini kifungu hicho hakikutaja adhabu. Sheria hiyo iliagiza pia kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kawaida atakaye talaka hupitia huko kwanza. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, nayo hati hueleza ndoa moja tu, si mwenendo wa mtu. Likifaulu, mume hurudi nyumbani bila hukumu yoyote.

Mwaka 2025 jimbo la Tennessee, Marekani, lilipitisha sheria ya kutangaza hadharani majina ya waliotiwa hatiani zaidi ya mara moja kwa jeuri ya nyumbani. Uingereza, tangu 2014, mtu aweza kuwauliza polisi kwa siri habari za mwenzi wake. Kwa kijiji kidogo njia hii ya pili ni afadhali, kwani jina la mume likibandikwa ukutani, mke na watoto hubandikwa nalo. Na mke aogopaye aibu hiyo atanyamaza.

Hata hivyo njia zote mbili hudai kwanza kwamba yaliyotendwa yameandikwa. Shauri lililomalizwa kwa mdomo Matembwe halimwonyi mwanamke wa Makambako. Basi hapana budi baraza la kata liandike kila kipigo kiletwacho mbele yake, na polisi wajulishwe. Wazee walizihifadhi habari hizo bila kalamu. Baraza lenye kalamu halina udhuru.